Frigo ya maziwa ilizimwa nikiwa kanisani

Jumapili ya Pentekoste nilipoteza maziwa ya shirika letu lote la wafugaji, na jina langu likaenda nayo. Admin wa group, nifiche jina. Niko mama wa miaka thelathini na ine, watoto watatu, tunaishi juu ya milima ya Masisi. Sikusoma sana. Kazi ya umeme wa jua nilijifunza kwa kufungua paneli za watu zilizokufa, njo maana wafugaji walinipa mimi frigo yao kubwa niichunge. Wanaleta maziwa asubuhi, yanapoa, gari ya mununuzi inapanda kuyachukua.

Jumatatu ile mununuzi alifungua kifuniko, akanusa, akakifunga. "Mama, hii nimupelekee nani?" Tukayamwaga yote bondeni, wenye ng'ombe wamesimama wanaangalia. Kwetu muntu hamwagi maziwa mbele ya mwenye ng'ombe.

"Alisahau kuwasha," Papa Prezida wa shirika akasema. Muzee mumoja akaongeza: "Frigo haina kosa. Kosa iko na mukono."

Toka siku hiyo niko peke yangu. Nikiingia kwa muntu napewa chai kavu, bila tone la maziwa. Nyumba ya ng'ombe kumi, mugeni anakunywa chai kavu! Aliyekulia huku anajua ile ni kusema nini. Kwenye chorale, kwaya yetu ya kanisa, dada aliyekuwa anakaa kuume kwangu amehama benchi. Pale robine, tunapochota maji, mama mumoja akaniuliza: "Mama Frigo, leo umepoa?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikapanda kilima na bidon yangu, hakuna aliyenisindikiza.

Mimi naamini hesabu. Ile frigo ina kumbukumbu yake, wanaiita journal: inaandika yenyewe kila ikiwaka, kila ikizimika, digri ngapi ndani, na ni code ya nani imebonyezwa. Nikapigia fundi mumoja wa Goma, akanielekeza namna ya kuipakua kwenye simu kwa kamba ya chaji. Ikashuka mistari mpaka kidole kikachoka. Nikatafuta tarehe ya Pentekoste, kisha neno arrêt, yaani kuzima. Nikapata mustari mumoja.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, digri ine: imezimwa kwa mukono. Chini yake, saa nane, imewashwa tena, digri makumi mbili na mbili. Code ziko mbili tu, yangu na ya bwana yangu, anayenisaidia nikisafiri. Ile iliyobonyezwa haikuwa yangu.

Saa mbili na dakika kumi nilikuwa kanisani, micro mukononi, naanzisha wimbo wa kwanza. Kanisa iko nyuma ya frigo tu, na bwana yangu njo anashughulikia sono, vyombo vya sauti. Siku ile sono ililia vizuri mpaka nikamusifu. Aliiunga kwa batri za frigo, na zile haziwezi kubeba frigo na sono pamoja. Kumbe nilikuwa naimba kwa umeme wa maziwa.

Nikamuonyesha simu. Akasoma, akanirudishia.

"Nilifikiri baridi itabaki ndani. Ilikuwa kazi ya Mungu, mama."

"Na siku zote hizi unaniangalia nikitukanwa?"

"Wewe watakusema, watachoka. Mimi niko shemasi. Ukisoma hiyo mbele yao, umenizika ningali muzima."

Tangu hapo tunakula sahani moja bila neno. Matusi ya watu nilianza kuyazoea. Hii ya nyumbani nimeshindwa.

Jumamosi saa tatu ya asubuhi shirika linakutana kuninyang'anya funguo za frigo. Bwana yangu njo atafungua kikao kwa maombi. Mustari ule niko nao kwenye simu. Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie nivumilie, anayevumilia ni mimi peke yangu. Kaka na dada zangu, niusome ao nisiusome? Nataka neno moja kwa kila muntu, na nalitaka kabla ya Jumamosi saa tatu.