Kichwa cha Shaba cha Jiko la Mzee Orrin

Tangu kiangazi kile moshi wa mkaa ulipombana Maren kifua mpaka midomo ikawa ya buluu, Twyla Sandvik alikuwa hapiti karibu na jiko la kuchomea nyama bila moyo kumruka. Maren, binti yake, alikuwa na pumu, na alikuwa hajaanza hata shule. Jiko la siku ile lilikuwa la babu yake, mzee Orrin, ambaye hakuwahi kulikaribia tena. Gari lake la kambi, lile lenye vitanda na sinki ndani, lilishinda uani limefunikwa turubai, na mkewe Verla alipofariki majira ya baridi watu walidhani halitatoka tena.

Twyla ndiye aliyelitoa. Dell, mumewe, alikuwa kwenye mavuno ya ngano, haonekani nyumbani ila kulala. Basi alimwendea mkwewe akamwambia, "Baba, twende ziwani kama zamani. Lakini tuelewane. Ni jiko la gesi, au Maren habanduki hapa nyumbani."

Mzee aliangalia viatu vyake. "Gesi," alisema, kama mtu aliyeambiwa anywe maziwa yaliyoharibika. "Haya."

Kwa hiyo wakawa dukani, mjini Billings, mbele ya majiko yaliyopangwa kama viatu vya sikukuu. Mzee aligonga kifuniko cha moja kwa ukucha. "Hili ni pasi, mwanangu. Utanyooshea mashati."

"Lile lenye miguu ya kukunja je?"

"Upepo wa ziwa la Fort Peck utalipeleka Kanada."

Twyla alichagua jekundu, zito kidogo, kifuniko chake kirefu cha kukinga upepo, na kando lina kichwa cha shaba cha kupunguza nguvu ya gesi. Muuzaji alimgeukia mzee, kama wauzaji wanavyomgeukia mwanamume.

"Mtatumia mtungi, mzee, au bomba la gesi la ubavuni mwa gari?"

"Ndiyo," alisema Orrin.

Muuzaji akacheka, akidhani ni utani, akaendelea kueleza. Twyla hakuyasikia maelezo, maana Maren alikuwa amekimbilia kwenye mahema, na huko nyuma mtu alikuwa anarudisha kitoroli cha mizigo kinyumenyume. "Ganda!" Twyla alipiga kelele. Mtoto akasimama mguu mmoja juu, mikono imetanuka, akicheka. Mchezo huo walikuwa wameuzoea tangu aanze kutembea. Ukisikia ganda, unaganda hapo hapo, hata kama unakwenda msalani.

"Amesemaje yule?" aliuliza Twyla walipokuwa wakipakia.

"Kwamba ni jiko zuri."

Kule ziwani nyasi zilikuwa kavu mpaka zinalia chini ya kiatu. Kwenye lango palikuwa na kibao: marufuku kuni, marufuku mkaa, gesi peke yake. Twyla alimwona mzee akikisoma kibao kile muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

Jioni waliunganisha jiko kwenye bomba la gari. Moto ukatoka mdogo, wa buluu, unaoona haya. Baga zikageuka rangi ya kijivu, zikatoa maji. Mzee aliinama, akapuliza kwa mdomo.

"Nikipumua mimi mwenyewe zitaiva mapema zaidi."

"Baba, subiri kidogo."

"Verla angekwisha kuosha vyombo saa hizi." Akaingia garini akala mkate na haradali, mgongo kwao.

Twyla alikaa na Maren nje, wakitafuna nyama nusu mbichi pembeni. Aliona mambo yanakoelekea. Mzee akichukizwa na safari hii, gari litarudi chini ya turubai, na mtoto atamkumbuka babu yake kwa picha tu. Alikuwa amechagua jiko yeye mwenyewe. Kama si zuri, kosa ni lake.

Asubuhi, kwenye foleni ya mabafu, mama mmoja wa gari la jirani, Lorene, mwenye taulo kichwani, alimvuta mkono.

"Nimeona baga zenu jana, shoga. Nililia."

"Acha tu."

"Mmefanya kosa la wageni wote. Gesi ya ubavuni imeshapunguzwa nguvu ndani ya gari. Nyie mmeiongezea kichwa cha shaba, inapunguzwa mara ya pili. Kingoe." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikia. Ukihamia kwenye mtungi, kirudishe kabla hujafungua chochote. Gesi ya mtungi bila kile kichwa haina breki. Shemeji yangu hana nyusi mpaka leo."

Twyla alirudi mbio, nywele zinachuruzika, akimkokota Maren mkono. Akakuta harufu ya bekoni. Mzee alikuwa amekwisha gundua mwenyewe. Kichwa cha shaba kilikuwa mezani, moto unacheza, na yeye anageuza nyama akipiga mluzi, kitu ambacho hakuna aliyekisikia tangu mazishi.

"Pasi yako inafanya kazi!" alimwita.

"Baba, umefanya vizuri. Ila tukitumia mtungi lazima kile kichwa kirudi, umesikia? Lazima."

Mafuta yalikuwa yanaruka na kulia kwenye chuma. Mzee hakugeuka. "Ndiyo, ndiyo," alisema, akakitia kile kichwa mfuko wa shati.

Alasiri upepo uligeuka, na upande wa gari pakawa na vumbi lisilofaa kifua cha Maren. Mzee akabeba jiko mpaka meza ya mbao iliyo karibu na maji, palipotulia. Mpira wa gesi wa garini haukufika huko. Twyla alikuwa ndani akikata vitunguu, na dirishani alimwona akiukokota mtungi. Mzee akachukua mpira wa zamani, ule wa jiko lake la kukaangia samaki. Akakaza. Twyla akasema moyoni, amekumbuka kile kichwa, mtu mzima yule. Akarudi kwenye kitunguu.

Halafu akasikia.

Ilikuwa shiii ndefu, kali, kama tairi la lori linalotoboka. Mwanamume wa gari la tatu aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti lake. Twyla alitazama. Mzee alikuwa ameinama kwa utulivu juu ya jiko, akitabasamu, na mbele yake Maren amesimama juu ya benchi, kidole kimenyooka kuelekea kitufe cha kuwashia.

"Bonyeza wewe, mpishi wangu," mzee alikuwa anasema.

Kisu kikaanguka. Mlango wa wavu ukagonga ukuta. Kumwita mzee hakukuwa na maana, hilo alilijua wakati ule ule bila kujua amelijuaje.

"Ganda!"

Maren akaganda. Kidole kilisimama juu ya kitufe, hakikugusa, uso umejaa kicheko alichokizuia. Mzee aliendelea kutabasamu. "Bonyeza, mama, usiogope."

Mtoto hakutikisika. Mchezo ni mchezo.

Twyla alivuka zile nyasi, akamkumbatia mtoto kiunoni akamtoa, na kwa mkono mwingine akazungusha koki ya mtungi mpaka shiii ikafa.

"Nilikuambia asubuhi!" alifoka. "Nilikuambia lazima kirudi!"

"Hukuniambia kitu." Mzee alikuwa amepauka uso. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kile kichwa. "Twyla. Hukuniambia."

"Na hiyo gesi? Watu wote wameisikia mpaka kule!"

Mzee aliutazama mtungi, kisha mwanamume wa gazeti aliyekuwa amesimama, kisha akamtazama yeye. "Ilikuwa inalia?"

Hasira ya Twyla ikakosa pa kukanyaga. Aliiona ndiyo ya dukani. Ndiyo, ndiyo za asubuhi. Aliona pia jinsi Verla, miaka yote ile, alivyokuwa akirudia maneno ya kila mtu polepole akimtazama mumewe usoni, nao wakidhani ni tabia yake ya kuongea sana.

Akamweka Maren chini. Akasogea mpaka mzee aweze kuona midomo yake.

"Tangu lini, Baba?"

"Verla alikuwa ananirudia kila neno." Akakigeuza kile kichwa kiganjani. "Ningemuua mtoto."

"Hujamuua."

"Uza hilo jiko. Uza na gari."

"Siuzi." Twyla alichukua kichwa cha shaba, akakirudisha mahali pake, akakaza, kisha akauchukua mkono wa mzee akauweka juu yake. "Kabla hujafungua gesi, gusa hapa. Hapo hapahitaji masikio. Halafu uniite nisikilize."

"Nikuite kila siku kama mtoto?"

"Kila siku. Na Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari wa masikio."

"Jumatano?"

"Jumatatu, Baba!"

"Nimesikia," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza siku ile Twyla hakujua kama anatania.

Maren alikuwa bado amesimama pale alipowekwa, mguu mmoja juu, akianza kuyumba. "Mama, naweza kuacha sasa?"

"Acha, mpenzi."

Mzee aligusa kichwa cha shaba. Akafungua mtungi taratibu, akamwangalia Twyla. Twyla aliinamisha sikio, akasikia pumzi ndogo tu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha mzee akambeba mjukuu wake mbali kabisa na meza, ukingoni mwa maji, akambana kifuani, na Twyla akabonyeza.