Nyuzi Mbili Nilizoliongezea Gitaa la Nyamweya

Aibu hii sijawahi kumwambia hata mke wangu, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole, yuko hapo jikoni anasikia. Kuna boma moja kule Gesima ambalo mpaka leo nikitaka kulipita nazungukia kwa juu, katikati ya majani chai ya watu, umande unanilowesha mpaka magotini, na yote hayo nilijitakia mwenyewe kwa kujifanya mjuzi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa fundi wa redio mjini Kisii, na watu walikuwa wananiita mtaalamu (nami nilikuwa naitika, si mnanijua). Asubuhi moja akaja Mama Nyamweya, mjane wa Gesima, amejitwika kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka. Mwanawe Nyamweya alikuwa amefariki Nairobi, ugonjwa wa siku chache tu, akaletwa akazikwa nyumbani, na hicho ndicho alichoacha. Akafungua fundo, nikaona gitaa, shingo ndefu ajabu, mwili mzito kama kinu, rangi imebanduka, na pale jina la kiwanda linapokaa palikuwa na matundu mawili tu ya skrubu.

"Mwanangu," akaniambia, "Jumapili, Sabato ikipita, tunagawa vitu vyake. Shemeji yangu anasema huyu mtoto alikuwa mhuni tu huko Nairobi. Wewe unajua hivi vitu. Niambie hii ni nini, nijue alikuwa anafanya kazi gani."

Basi nikahesabu nyuzi. Nne. Sasa mimi nimelelewa na babu aliyepiga obokano, ile ala yetu ya nyuzi nane, na kwa babu uzi mmoja ukikatika hakuna kupiga, unakaa chini unarekebisha kwanza, na magitaa yote niliyowahi kuyaona yalikuwa na nyuzi sita. Nne! Nikatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, hii ni gitaa ya kawaida, ya Ujerumani" (Ujerumani niliitoa wapi, Mungu ndiye anajua), "ila imeharibika, nyuzi mbili zimepotea. Niachie, itapona."

"Imeharibika," akarudia polepole, uso ukamshuka, akaenda zake. Mimi nikadhani analihurumia gitaa.

Nikachukua keekee, nikatoboa matundu mawili kwenye kichwa cha lile gitaa, nikachonga vigingi viwili vya mti kama vya babu, na kwa kuwa nyuzi za dukani hazikufika kwa urefu wa ile shingo, nikafumua waya wa breki ya baiskeli, nikavuta zangu mbili. Kulipiga, halikutoa sauti ya maana. Nikajiambia ni la umeme, likipata spika litaimba. (Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikalipaka vanishi.)

Jumapili ukoo mzima ulikuwa uani, na majirani juu yake. Nikasimama kwa hiari yangu, hakuna aliyeniomba, nikatangaza kwamba marehemu aliacha gitaa bovu lakini mimi nimelitengeneza, halafu nikapiga. Jamani! Nyuzi nne ziliguna, zangu mbili zikalia kama mbu, kisha kigingi kimoja kikachomoka kikamgonga yule shemeji kwenye paji la uso. Watu walicheka mpaka bibi mmoja akashika ukuta asianguke.

Shemeji akajisugua, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Si mmesikia? Hata fundi amesema ni bovu. Miaka yote hiyo kijana anazunguka Nairobi na gitaa bovu!"

Mama Nyamweya akainama. Akawa anaikunja ile shuka, anaikunjua, anaikunja tena, na hapo ndipo nilipoona nimemfanyia nini.

Kati ya wageni kulikuwa na kijana aliyetoka Nairobi, Wafula, mpiga ngoma wa bendi ya marehemu. Akaja mbele, akanipokonya gitaa kwa adabu, akakitazama kichwa chake muda mrefu.

"Nani ametoboa hii?"

Mimi nikautazama mgomba. Mama Nyamweya, maskini, hana hila, akajibu, "Ni huyu fundi. Alirudisha zile mbili zilizopotea."

"Hakuna iliyopotea, mama," Wafula akasema. "Hii ni besi, gitaa ya sauti nzito. Nyuzi zake ni nne, tangu mwanzo. Imetengenezwa wapi, hakuna anayejua, hata Nyamweya aliulizia akachoka. Lakini mwimbaji akiugua sisi tunapiga. Nyamweya akikosa kuja, watu wanaocheza wanarudi kwa viti, hawajui waweke mguu wapi."

Mama Nyamweya akanigeukia mimi, hakumgeukia Wafula.

"Kwa hivyo ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, mama. Mimi ndiye sikujua."

Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Zitoe." Nikapiga magoti pale pale, nguo zangu za Jumapili zikiwa kwenye mavumbi, nikang'oa uzi uliobaki na kigingi chake na ule mwingine uliokuwa unaning'inia, kila mtu akinitazama mikono. Nilipomaliza akalibeba gitaa kifuani, akaenda mpaka mbele ya shemeji yake, akazigusa nyuzi kwa kidole moja moja, mbili, tatu, nne.

"Hesabu na wewe," akamwambia.

Yule mzee akahesabu, kwa sauti, mbele ya watu. Gitaa halikugawiwa mtu. Mimi keekee yangu niliiuza wiki hiyo hiyo, na tangu hapo mtu akiniletea gitaa, hata liwe na nyuzi kumi na mbili, silifungui shuka, namwelekeza kwa wapigaji wenyewe.