Mama Anastasie na Neno "Amepotea"

"Mama Anastasie, we uko munganga ao uko polisi?"

Ni Joselyne, jirani wake, alimuuliza hivyo siku moja, kwa kumuona anapita tena asubuhi na kaye yake ya kuandikia kwapani. Anastasie alicheka, akasema polisi wako na viatu vizuri, amuangalie yeye miguu.

Anastasie ni reko wa Lweba, kijiji cha kando ya ziwa, ni kusema muntu ambaye santé, kituo chetu cha afya, inamutuma ndani ya manyumba kuangalia kama bagonjwa wanameza dawa yao. Masomo yake yaliishia primaire ya sita. Mambo ya dawa alifundishwa siku tano tu, na Mungu akamuongezea zingine. Anafuata sana bagonjwa ba kifua kikuu, kwa sababu wao wanameza kinini, ni kusema vidonge, miezi sita, na miezi sita kwa muntu wa kwetu ni mirefu. Leo iko shambani, kesho amefuata ndagala, kesho kutwa amepanda pikipiki kwenda kuchimba zahabu Misisi. Kwa hiyo kwenye kaye yake hakuna namba nyingi. Ameandika: "Eddy, usimuamushe mapema, anatoka ziwani." Ao: "Baba Vanessa, Misisi, shimo ya Dany, anarudi mwisho wa mwezi."

Mwaka jana wakati wa jua, akafika Bertin, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wake wa mwisho. Alikuwa anafanya uchunguzi: bagonjwa wangapi wanamaliza dawa, wangapi hawamalizi. Kila mugonjwa alikuwa na fishi yake, karatasi ya habari zake, na kwenye fishi kulikuwa visanduku vitatu. Amepona. Amekufa. Amepotea. Chini, reko anatia sahihi.

Wakafika kwa fishi ya Cassilde. Huyu ni mama mukimbizi wa Burundi, alikuwa amefika mwezi wa ine wa dawa, na juma tatu zilipita hakuonekana ku santé. Bertin akatia alama kwenye kisanduku cha tatu, akasukuma kalamu kwa Anastasie atie sahihi. Solange, munganga wa santé, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba fishi ikienda ku ofisi kubwa ya Baraka namna ile, boksi ya dawa yenye jina la Cassilde itapewa mugonjwa mwingine anayengojea.

Anastasie akaweka kalamu juu ya meza.

"Hakupotea. Iko Ubwari, anaanika samaki."

"Mama, amepotea ni neno la kazi tu," Bertin akasema. "Ni kusema hatumuoni tena."

"Nani hamuoni? We ulifika juzi."

Solange akafunika kinywa na mukono.

Kule Lweba, aliyepotea ni yule aliyeacha Mungu, ao yule ambaye ziwa limemubeba na mwili haukuonekana, na ndugu wanamulilia pasipo kaburi. Huwezi kuandika vile juu ya mama anayeanika samaki. Anastasie alieleza yote hayo polepole, kama anafundisha batoto ba kanisa. Bertin hakuwa muntu mubaya. Akasema kazi yake lazima ifike Baraka siku ya Ijumaa, na tena muntu mumoja hawezi kugeuza hesabu.

"Kama hageuzi hesabu," Anastasie akajibu, "basi uniachie yeye."

Siku ya tatu yake akapanda boti kwenda Ubwari. Joselyne ndiye alikuwa amemuambia ni kijiji gani. Akamukuta Cassilde ufukoni anageuza ndagala kwenye mchanga, mabega yamekuwa mifupa. Kwanza Cassilde akajificha nyuma ya nyavu kwa haya. Halafu akatoka, akasema yote. Shamba la kuazima halikumupa kitu, na kinini kwenye tumbo tupu ilikuwa inamutapisha. Huku walau kuna samaki. Tena hakutoroka, alipita ku santé kuaga. Wakamuuliza kama atakuja Jumanne, akasema hapana, basi. Hakuna aliyemuuliza anaenda wapi.

Aliposikia neno lililoandikwa kwenye fishi, akasimama wima.

"Nilipotea mara moja, wakati tulikimbia Burundi. Mara ya pili nakataa."

Wakaomba kidogo pale pale, wakapanda boti.

Alhamisi Cassilde akameza dawa mbele ya Bertin, na Bertin mwenyewe akafuta alama. Solange akaacha boksi yenye jina lake mahali pake. Akakubali pia Cassilde abebe kinini ya juma mbili, na muke wa muchungaji wa kule Ubwari amuangalie akimeza akishakula.

Bertin akashusha pumzi. Akatoa fishi zingine ine, zote zimetiwa alama kwenye kisanduku cha tatu, akasema: mama, wako amepatikana, sasa tumalize. Fishi ya juu ilikuwa ya Baba Vanessa.

Anastasie hakugusa kalamu. Akafungua kaye, akasoma mumoja mumoja: huyu Misisi, shimo ya Dany, huyu kwa dada yake, wale wawili wako wanavuna, wanarudi Jumamosi. Bertin akasikiliza mpaka mwisho. Akageuza fishi mbele na nyuma, akasema kweli, lakini hakuna fasi ya kuandika mambo hayo.

"Basi naomba kitu kimoja," Anastasie akasema. "Muongeze fasi kwenye fishi, yenye kuuliza muntu iko wapi. Mukishaiweka, nitatia sahihi."