Nani Atambeba Shabani

Ukitaka kunirudisha Kunduchi ya utoto wangu, gonga chuma kwa chuma. Kwenye uwanja mdogo kati ya soko la samaki na nyumba yetu kulikuwa na ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, nayo iligongwa kwa kipande cha nondo kila palipokuwa na jambo: msiba, mkutano wa mtaa, mtoto aliyepotea. Sauti yake ilikuwa kali, ikipita juu ya kelele za mnada na moshi wa mafuta ambayo mama alikaangia vibua nje ya mlango wetu. Mwaka ninaoukumbuka ringi ile ilipewa kazi mpya. Miezi michache nyuma, mawimbi yalikuwa yamevuka bahari nzima kutoka huko Asia yakaja kuua watu hata kwenye fukwe za jiji letu, watu waliokwenda kuogelea tu siku ya mapumziko. Sisi wa Kunduchi, tuliojiona tunaijua bahari kama tunavyojua sufuria zetu, tulibaki tunatazamana.

Ndipo wakaja wageni waliovaa kofia zinazofanana, na kipaza sauti cha mkononi. Mjumbe wetu, Mzee Pazi, alituita uwanjani, tukafundishwa kwamba maji yakikauka ghafla na kuacha mwamba wazi wakati ambao si wa maji kupwa, tusishuke kuokota kitu, tukimbie. Akina mama wanaotafuta pweza walicheka, maana kwao maji yakikauka ndiyo chakula kimeandaliwa, na mmoja akauliza kama mabwana wale wamewahi kushinda na njaa. Wageni hawakukasirika. Walirudia kwa upole kwamba ringi ikigongwa mfululizo, kila mtu apande mpaka machimbo ya kokoto, kule juu, na aliyekwisha kupanda asirudi nyuma kwa sababu yoyote. Wazee na wagonjwa wangepakiwa kwenye mkokoteni wa Shaweji, muuza maji. Majaribio yangefanyika wiki hiyohiyo, ila siku hawakuitaja, ili tukae macho.

Kaka yangu Shabani alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Miguu yake ilikosa nguvu tangu alipougua akiwa bado anatambaa. Uani alijivuta kwa mikono, na akitaka kwenda mbali alibebwa mgongoni na Baba Mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi nasi. Baba mwenyewe alikuwa kiwandani Chang'ombe, akiondoka alfajiri na kurudi tumeshalala. Shabani alikuwa na mdomo. Akiwa pale barazani alijua nani kanuniana na nani, nani kaoga na nani kanawa uso tu, na hakuna aliyepita bila kupewa lake. Nilimpenda kupita kiasi na nilimwogopa vilevile, kwa sababu hakuna alichokisahau.

Ringi ililia mchana mmoja wakati mafuta ya mama yamechemka. Kila mtu alijua ni majaribio, lakini kile chuma kilipigwa kwa namna ambayo miguu haikungoja kuelezwa. Mama alimfunga mgongoni mdogo wetu Mwajuma, akanishika mkono, tukaondoka mguu niponye. Njia nzima ilikuwa vurugu na vicheko. Watu walitoka na magodoro, wengine na televisheni kichwani, bibi mmoja na jogoo kwapani. Watu wetu ndivyo walivyo, ukiwaambia nyumba inaungua wataanza na godoro. Kule juu wageni walikuwa wakipiga makofi, na Mzee Pazi akisifiwa kwa mtaa wenye nidhamu. Tukapewa soda. Mimi nilikuwa nimeshafungua yangu mama alipoanza kugeuza shingo huku na huku.

Akamuuliza Baba Mdogo, "Shabani yuko wapi?"

Baba Mdogo akasema si yuko kwenye mkokoteni, yeye alikuwa ameshuka sokoni na akapandia hukohuko, akijua mkokoteni utampitia Shabani nyumbani. Mkokoteni ulikuwa palepale pembeni yetu. Juu yake kulikuwa na friji la jirani anayeuza maji ya baridi, limefungwa kamba vizuri kabisa. Shaweji alisema aliambiwa kijana ana baba yake mdogo. Mama naye, alipomwacha barazani, alidhani Baba Mdogo anakuja kumchukua. Hakuna aliyemwacha Shabani kwa kutaka, na ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaumu, jambo linalonikera kuliko lawama yenyewe.

Mama aligeuka ashuke. Mgeni mmoja akamzuia kwa adabu, akamkumbusha kwamba siku ya kweli kurudi hairuhusiwi. Mama alimpita kana kwamba ni nguzo. Tulimkuta Shabani karibu na bomba la maji, mbali na baraza, amejikokota kwenye mchanga na changarawe mpaka viwiko vimechunika. Hakuwa analia. Mama alipiga magoti akaanza kumwosha, na Shabani akamwacha amwoshe mkono wa kwanza wote kabla ya kufungua mdomo.

"Ingekuwa kweli ungerudi?"

"Ningerudi."

"Wamesema hairuhusiwi. Na wewe una mtoto mgongoni. Usirudi, mama."

Alisema bila hasira, na mama akashika mkono wa pili, akaendelea kuosha. Mimi nilisimama na soda yangu na kwa mara ya kwanza maishani nikaiogopa bahari, ingawa siku ile ilikuwa imetulia tuli na watoto wa wavuvi walikuwa wameshaanza kurudi kucheza ndani yake.

Tangu siku ile Shabani alianza kujifunza kupanda. Kila jioni alivaa kandambili mikononi, akashika njia ya machimbo, makalio yakiburuta nyuma. Baba Mdogo alimfuata kwa aibu akimsihi apande mgongoni, Shabani akakataa katakata. Watoto walimcheka, kisha wakachoka kumcheka, wakawa wanampisha tu. Mdomo wake ulikufa. Alipita barazani kwa watu bila kusema neno, akihesabu pumzi. Kandambili zilitoboka, akapewa nyingine, nazo zikatoboka. Hakuwahi kupita duka la Mangi, lililoko katikati ya mlima, kabla giza halijaingia. Mama alimwona vizuri kutoka kwenye karai lake la samaki. Hakumkataza hata siku moja, na hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kule kutokukataza.

Mangi ndiye aliyemwambia baba. Baba alikaa siku ya mapumziko nzima bila kula, kisha akasema amempata fundi wa kusuka mota kule Chang'ombe, mtu mwema, anayetaka mwanafunzi, na Shabani atalala hukohuko. Alisema ni kwa ajili ya ufundi. Wote tuliitikia kwamba ndiyo, ni kwa ajili ya ufundi, na Shabani akafungashiwa nguo zake. Bahari haikuja mwaka ule wala uliofuata, lakini ilikuwa imeshamchukua.

Leo Shabani ni fundi anayetafutwa, ana bajaji anayoiendesha kwa mikono na mke asiyemwonea huruma. Baba na Baba Mdogo wametangulia. Mama yupo Kunduchi katika nyumba ileile, magoti yamekwisha, hafiki hata chooni bila kushikwa mkono. Siku hizi hatungoji ringi. Tahadhari za upepo na mawimbi zinaingia kwenye simu zetu kabla wingu halijaonekana, tunazituma kwenye kundi la familia, kila mtu anaweka alama ya dua, tunaridhika. Shabani haweki kitu. Yeye hupiga simu.

Safari iliyopita kimbunga kilifia baharini kabla ya kutufikia, tukashukuru Mungu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kama kitafia huko. Mimi nilikuwa kwangu Kawe, upepo umeanza kutikisa mabati, Shabani alipopiga kuuliza nani yuko na mama. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, sote tupo.

"Sijauliza sote," akasema. "Nitajie mtu."

Nikamtaja Mwajuma, ambaye ndiye anayekaa naye.

"Mwajuma yuko hapa kwangu tangu jana. Anasema wewe ndiye uliyekwenda kwa mama."

Nilimsikia Mwajuma nyuma yake akianza kulia. Shabani akauliza tena, taratibu, nani yuko na mama, nami sikuwa na jina la kumpa.