Jina kwenye Msalaba wa Mzee Ngassa

Wiki nzima kabla ya Krismasi, Maige alijiambia kwamba picha ni ya baba, kwa hiyo kubaki Geita kuichora ni sawasawa na kwenda nyumbani. Uongo wa namna hiyo mtu hujipikia mwenyewe na kuula mwenyewe, na kwa siku chache hushiba.

Karakana yake iko pembezoni mwa Kalangalala, imepakana na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu inayonguruma kutwa mpaka rangi hutikisika makoponi. Humo ndimo anamochora mikasi ya saluni, ng'ombe wa bucha na mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto. Lakini safari hii alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ya wachoraji wa Kanda ya Ziwa, ya kufunguliwa mjini hapohapo mara baada ya mwaka mpya, na picha yake kubwa ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Ngassa, amesimama zizini na fimbo begani.

Tatizo ni kwamba ukoo nao ulikuwa na lake. Krismasi hiyo walikutana kijijini kwao, karibu na Mwadui, kujenga kaburi la mzee. Saruji ilishanunuliwa, fahali ameshatengwa. Huyu alipewa kazi ya maji, yule ya kuni. Maige hakupewa kazi na mtu, kwa sababu yake ilijulikana tangu utotoni. Alikuwa darasa la sita alipoandika jina la babu yake kwenye msalaba. Mzee Ngassa hakujua kusoma, lakini siku ile alizifuata herufi kwa kidole, moja moja, rangi ikamganda, akacheka kwa furaha.

"Na langu utaliandika wewe," akamwambia. "Usije ukamwachia mtu."

Mkewe, Bernadina, alitangulia na watoto. Stendi alimtazama kwa muda kabla ya kupanda basi.

"Baba Blessing, utakuja kweli?"

"Keshokutwa niko huko. Namalizia macho tu."

Macho yakamshinda. Akayachora, akayafuta, akayachora tena. Krismasi yenyewe aliila kwa chapati baridi na soda, mlango kaufunga ili wanakwaya waliokuwa wakipita wasimuulize kwa nini hajaenda kwao. Kesho yake kaka yake, Enock, akapiga simu.

"Fundi amemaliza. Msalaba umekauka, mweupe pe. Katekista anakuja kesho mchana kubariki. Wewe umefika wapi?"

"Niko njiani, kaka."

Enock akatega sikio.

"Basi lenu lina karasha?"

Maige akaduwaa, simu sikioni, mashine ikinguruma nyuma ya ukuta kana kwamba imepewa hongo kumuumbua. Akatamani ardhi ipasuke. "Kesho alfajiri naondoka," akasema, na safari hii alimaanisha. Enock hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Mama amekaa kule njia panda tangu asubuhi anakutazamia," akasema tu, akakata simu.

Na hapo asitokee wa kumtetea. Basi la alfajiri lilikuwepo na nafasi zilikuwepo. Aliamka, akaifunga brashi ndogo kwenye gazeti, akatia kopo la rangi nyeusi kwenye begi, akavaa viatu. Akaenda kuifunika picha kwa shuka, na ndipo alipoona ilipokosea. Kope ya kushoto! Ilikuwa imekaa juu mno. Nirekebishe hii tu, akasema, begi likiwa bado begani. Alipokuja kuinua kichwa, jua lilikuwa utosini, na baba yake alikuwa amepatikana, mzima kabisa. Maige akakaa sakafuni. Saa hiyo katekista alikuwa akibariki kule, na hakuwa tena na uso wa kwenda. Alifurahi, na kufurahi kule kukamtia kinyaa.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Picha ilipendwa, watu wakapiga nayo picha. Mama mmoja, mgeni kutoka Mwanza, alisimama mbele yake hata akasahau soda yake.

"Huyu mzee kama anamsubiri mtu," akasema. "Anaitwa nani?"

"Ngassa," Maige akajibu, na aibu ikamshika. Jina amelitaja ukumbini, mbele ya wageni wasiomjua mwenyewe, na kule linakotakiwa halipo. Hakusubiri hotuba ziishe.

Kesho yake akafika nyumbani. Bernadina alimpokea begi, akarudi jikoni. Enock akamwonyesha kaburi kwa kidevu, kama anayemwelekeza mpita njia. Alikuwa amependekeza aitwe fundi mwingine wa kuandika, lakini mama yao akakataa katakata, akisema mwenye kazi yake yupo hai. Kwa hiyo katekista aliubariki msalaba mtupu, na wageni walikula nyama ya fahali huku wakiulizana chinichini.

Mama alikuwa kaburini tayari, ameketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

Pole ile ilimchoma kuliko kofi. Akapiga magoti, akafungua kopo, akaandika. Herufi zilikaa vizuri, lakini hakuna kidole kilichokuja kuzifuata.

Alipomaliza, mama akainuka, akaingia ndani, akarudi na ubao. Ulikuwa umeshapigwa randa na kupakwa rangi nyeupe.

"Rangi imebaki?"

"Imebaki, mayu."

"Basi andika na langu."

"Mama! Uchuro gani huo?"

"Si uchuro, mwanangu." Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. "Andika leo, maadamu upo. Siku yangu huenda ukawa na maonyesho."

Akamwekea ubao magotini, akarudi kwenye kigoda chake, akasubiri.