Kiti cha Mbele

Siku zile, mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, kiti cha mbele cha lori kilikuwa heshima, na mume wangu alitaka nikikalie mimi. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika. Kwa hii ya pili alikuwa ananipeleka Mwanza mjini, nikasubirie karibu na hospitali. Lakini lori lilibeba pamba ya baba yake, na mzee naye alikuwa safarini. Kwetu mke hakai bega kwa bega na baba mkwe. Hata maneno tulipitishia kwa mume wangu.

"Mwambie mkeo apande mbele, mimi nitakaa nyuma," alisema mzee, nami nimesimama pale pale.

"Mwambie baba, mzee hakai juu ya magunia," nikamjibu mume wangu.

Dereva akacheka. "Semezaneni basi, pamba isije ikaota upya!"

Adabu ikashinda. Mimi na tumbo langu tukapandishwa nyuma kama mzigo, mume wangu akakaa mbele kando ya baba yake. Alinihurumia sana.

Tulipokaribia Mkuyuni tairi lilipasuka, lori likaacha njia. Mawe ya Mwanza hayapishi gari. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, magoti nimeyakunja kulizunguka tumbo. Nilitumbukia katikati ya magunia, pamba ikanipokea. Mzee alikuwa anasinzia, kidevu kifuani, mwili umelegea. Alipoteza jino. Mume wangu alikuwa macho. Aliliona jiwe, akanyoosha miguu na kujikaza kwa nguvu zake zote, mkono mmoja ameuweka kifuani mwa baba yake.

Daktari hakunificha. Mguu ulionyooshwa hivyo haukuwa na pa kujikunjia, pigo lote likapanda hadi kwenye nyonga na tumbo.

"Angesinzia kama mzee, pengine angepona," alisema. Nadhani alikuwa ananifariji.

Mume wangu aliishi hadi jioni. Aliuliza habari za mtoto tu. Nilimwambia anacheza, na ilikuwa kweli.

Siku ya kumrudisha kijijini lilikuja lori jingine. Wazee wa ukoo, waliozoea kusukumana kwa ajili ya kiti cha mbele, ghafla kila mmoja alikuwa na kifua kinachohitaji hewa. Wote wakapanda nyuma.

"Mbele akae mjane," walisema. "Ana mimba, astahiwe."

Nilikuwa nimeshashika mlango mzee aliponitazama usoni. Hakuwa na mtu tena wa kumtuma.

"Mwanangu, usikae hapo. Njoo nyuma, ulale kama ulivyolala siku ile."

Nikalala ubavu kando ya sanduku la mume wangu, juu ya magunia matupu. Mzee akaketi karibu nami, amenigeuzia mgongo ili adabu isife yote, na kila lori liliporuka shimo mgongo ule uligonga magoti yangu. Hakuna aliyeomba radhi. Mbele, dereva alikwenda peke yake kama gavana.