Televisheni ya Kumwona Kariuki

Mwanangu, nikuite hivyo ingawa sikukuzaa, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nimeibeba kila mahali nilikokwenda, na nimekwenda kwingi. Leo nitaitua mbele yako, kwa sababu nasikia unazunguka madukani ukitafuta televisheni mpya, na kampuni utakayoilipa kila mwezi ili uone mpira. Umeniuliza ipi ni nzuri. Keti. Jibu langu ni refu kidogo, na siku hizi mimi huchoka upesi, kwa hivyo usinikatize.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu miguu ilikuwa ikiniwasha. Nilichuma kahawa Kianyaga, nikabeba majani chai Kiriaini, nikasukuma mkokoteni Murang'a, na kila nilipofika nilitaka kujua kila kitu: kinu kinasagaje, saa inageukaje, redio inasemaje bila mtu ndani. Wazee wa huku mlimani husema asiyetembea hudhani ni mama yake tu anayejua kupika. Ni kweli. Ila hawakuniambia kwamba mtu anaweza kuonja vyungu vyote vya dunia na bado asijue njaa ya mwenye nyumba. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nilikuwa nimeila hadi magotini siku nilipobisha hodi kwa mjomba wangu, juu ya mji wa Nyeri, kwenye mgongo wa kilima kilichojaa mibuni.

Mjomba hakuniuliza nimetoka wapi. Kwetu mwana wa dada huitwa mwihwa, na mwihwa hafukuzwi wala hakemewi ovyo. Akitaka mbuzi wa mjomba wake, hupewa. Mimi sikutaka mbuzi. Nilitaka ugali na mahali pa kulala, nikapewa vyote.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mjomba alikuwa na mwana mmoja, Kariuki, mkimbiaji wa mbio ndefu. Alikuwa ameenda ng'ambo kukimbia, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa redioni. Lakini baba yake hakuwahi kumwona akikimbia hata mara moja. Mashindano ya shule yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuchuma kahawa na kuifikisha kiwandani kabla mizani haijafungwa. Kariuki alitoroka kwenda kukimbia, baba yake akabaki na vikapu. Jioni kijana alikuta fimbo ikimngoja.

Miaka ikapita, hasira ikaisha, na macho ya mjomba nayo yakaanza kuisha. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. La kulia lilikuwa likififia, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba halitarudi.

Siku moja, malipo ya kahawa yalipotoka, aliniita jikoni.

"Mwihwa, wewe unajuajua vitu vya mitambo. Nenda mjini uninunulie televisheni. Kariuki atakimbia zile mbio kubwa za barabarani, na wanasema zitaonyeshwa. Nataka nimwone kabla hili jicho halijafunga duka."

"Ya namna gani, mjomba?"

"Ya kumwona Kariuki," akasema.

Agizo halikuwa na neno lingine, mwanangu. Hata mtoto angelielewa.

Nilishuka Nyeri mjini nikaingia katika duka la mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliniuliza kama nyumbani kuna stima. Nikamwambia hakuna, tuko na betri ya gari.

"Basi chukua hii ndogo, nyeusi na nyeupe," akasema. "Inakunywa betri kidogo sana. Unafunga eriali juu ya mwanzi, stesheni ya bure inaingia vizuri huko kwenu juu."

"Mama, hii ni kama ya mlinzi! Ile kubwa ya rangi, je?"

"Ile inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi."

Pembeni mwa ile kubwa kulikuwa na dishi, na kijana mwenye tai alikuwa akieleza habari za huduma mpya ya kulipia. Mpira wa Ulaya wiki nzima! Ndondi! Mbio za magari! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi siku hiyo sikuikumbuka methali hiyo. Nilimuuliza yule kijana maswali mpaka akalegeza tai. Dishi linashikaje picha kutoka angani? Mvua ikinyesha, je? Dikoda inafunguaje? Tutaiwashaje bila stima? Akanionyesha kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba. Nikakipenda kisanduku hicho kuliko televisheni yenyewe.

Yule mama alikuwa akinitazama tu. Mwishowe akasema, "Kijana, ni nani ataangalia?"

"Mjomba wangu."

"Na anataka kuangalia nini?"

Nikamgeukia tena mwenye tai. Nyuma yangu nikamsikia mama akiguna, "Haya. Amemaliza maswali ya dunia nzima, langu moja limemshinda."

Nikanunua ile kubwa, dishi na kile kisanduku. Nilijiambia kwamba macho ya mzee ni mabovu, kwa hivyo atahitaji kioo kikubwa na rangi kali. Nilijiambia hivyo njia nzima. Ukweli ni kwamba nilitaka watu wa mgongo wetu wa kilima waone kwamba yule mtembezi asiye na cheti ndiye aliyeleta dishi la kwanza. Nilikuwa nimechoka kuitwa mzururaji.

Mjomba alipoliona lile dishi kubwa kuliko ungo wa harusi, alilizunguka mara moja. Kisha akauliza, "Hii itamwonyesha Kariuki?"

"Itamwonyesha mpaka jasho, mjomba."

Angekuwa amemtuma mwanawe mwenyewe, angemrudisha dukani jioni hiyohiyo. Lakini mimi nilikuwa mwihwa. Akasema ni sawa.

Fundi alikuja akalisimamisha dishi kando ya banda la kuku, na kuanzia hapo nyumba haikukosa watu. Betri ilichajiwa kwenye duka la kinu cha unga, nami nikaibeba kwa baiskeli, nikipanda kilima nikiisukuma kama mgonjwa. Ilidumu saa tatu hivi ikiwa na moyo mzuri. Mjomba alikaa mbele kabisa, jicho lake moja likiwa karibu kugusa kioo, akitazama Wazungu wakifukuza mpira. Kila mara aliuliza, "Hawa wanamaliza lini, wakimbiaji waje?"

Ile Jumapili ikafika. Mbio zilikuwa zianze saa sita mchana kwa saa zetu, na zingeonyeshwa kwenye ile huduma ya kulipia na pia kwenye stesheni ya bure. Betri niliichaji Jumamosi. Asubuhi mjomba na mkewe walivaa kwenda kanisani. Mlangoni akasimama, akaniwekea mkono begani.

"Mwihwa, leo usiguse hiyo kitu mpaka nirudi."

"Sawa, mjomba."

Hawakuwa wamefika barabarani, Murage akaingia. Murage alikuwa kijana wa jirani, rika langu, mwenye mdomo usiochoka, na nyuma yake walikuwapo wengine sita.

"Wee, washa bwana! Mechi ya jana inarudiwa saa hii."

"Leo hapana. Mzee amesema mpaka arudi."

"Ati mzee amesema! Kwani hii kitu ni yako ama wewe ni askari wa kuilinda?" Wenzake wakacheka. "Tuonyeshe bao moja tu, uzime. Ama hujui kuizima?"

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nisijue? Nikawasha ili waone ninavyojua. Bao moja likawa mawili, kipindi kimoja kikawa viwili, kisha wakanitaka niwaonyeshe chaneli zote, na mimi nikazipitia moja moja nikieleza kama mwalimu, nikifurahi jinsi walivyokuwa kimya. Nilipozima, mgongo wa televisheni ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Nikaufunika kwa kitambaa cha kufumwa na kuomba Mungu, jambo ambalo ningekuwa nimelifanya kanisani.

Mjomba alirudi mapema, ametembea upesi kuliko kawaida yake. Mama Kariuki alileta chai. Majirani wakajaa hadi mlangoni, viatu vikabaki nje. Saa sita nikawasha, na picha ikaja safi. Barabara pana, miti nisiyoijua, na umati wa wakimbiaji ukisogea kama siafu. Mjomba alikuwa ameshika ukingo wa meza. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, wakimbiaji wakipungua, hadi mbele wakabaki kama wanane. Mtangazaji akalitaja jina la Kariuki.

"Yuko wapi? Mwihwa, nionyeshe ni yupi."

Nilinyoosha kidole. Na hapo picha ikaanza kusinyaa. Mwanangu, wewe wa zama za stima huenda hujaona betri ikifa. Picha haizimiki ghafla. Hujikunja kutoka pembeni kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani, watu ndani yake wakawa wembamba, wakawa wafupi, na weusi ukaingia kutoka kila upande. Mjomba alisogea karibu zaidi, paji lake likagusa kioo.

"Yupi? Huyu wa kushoto? Yupi?"

Kisha kukawa giza, na ndani ya kioo tukajiona sisi wenyewe.

Murage alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitazama nyayo zake, akatoka.

"Kwa Wamuyu kuna televisheni," akasema Mama Kariuki.

Wamuyu alikuwa mjane wa kilima cha pili, ng'ambo ya kijito, na alikuwa na ile ndogo nyeusi na nyeupe, ndugu wa ile niliyoiita ya mlinzi. Tukaondoka. Mjomba alinishika bega kwa sababu njia ilikuwa inateremka vibaya na jicho lake halikuona mashimo. Nilitaka kumbeba. Akakataa. Alikuwa akihema, viatu vya kanisani vikimteleza kwenye udongo mwekundu, na hakuniuliza kwa nini betri imekwisha. Nadhani alikwishajua tangu aliporudi kanisani akaigusa televisheni kabla sijaiwasha, akaikuta na joto.

Tulikuwa tumefika kwenye kijito, mguu wake mmoja juu ya gogo la kuvukia, tuliposikia vigelegele. Vilitoka juu kwa Wamuyu, vikarudiwa mara tano, kama vile wanawake wetu wanavyompokea mtoto wa kiume akizaliwa.

Mjomba akasimama. "Amemaliza," akasema.

Tukavuka hata hivyo. Tulipofika, Wamuyu alimkimbilia akamshika mikono yote miwili. "Baba Kariuki! Ni wa pili! Mtoto wetu ni wa pili!"

Mzee hakuuliza ni nani wa kwanza. Aliketi kwenye kigoda na kusema, "Wamuyu, niambie alikimbia vipi."

"Alikimbia akiwa ameinamisha kichwa upande wa kulia. Na bega moja juu. Haki ya Mungu, ni kama wewe ukipanda kiwandani na gunia la kahawa."

"Rudia hapo pa kichwa."

Wamuyu akasimama, mjane mzima na kitambaa cha kanisani kichwani, akakimbia uani kutoka zizini hadi mlangoni, kichwa upande, bega juu. Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Aligeuza jicho lake likamfuata kila hatua.

"Tena," akasema. Naye Wamuyu akarudia.

Tukirudi, katikati ya mteremko, ndipo aliponiambia maneno yake, kwa sauti ya chini, bila hasira. Afadhali angenichapa.

"Mwihwa, mimi nilikutuma uniazimie macho. Wewe ukaenda kujinunulia jina. Sikulaumu, hata mimi nilipokuwa nikimchapa Kariuki nilifikiri ni kahawa ninayoitetea. Lakini siku nyingine mtu akikutuma, beba haja yake mpaka mwisho wa safari. Usiitue njiani ukabeba yako."

Hakulizungumza tena. Kabla Kariuki hajarudi nyumbani, lile jicho la kulia lilikuwa limefunga. Nilikuwapo siku alipoingia. Baba yake alimkalisha kwenye kigoda, akapiga magoti, mzee wa rika lile, akampapasa miguu kutoka gotini hadi kisiginoni, mmoja kisha mwingine, taratibu, kama mtu anayekagua mche kabla ya kuupanda. Kariuki alikuwa akitazama ukutani. Mimi nilitoka nje nikalitazama lile dishi, na wiki hiyohiyo nikaifuata tena barabara.

Kwa hivyo, mwanangu, unaniuliza televisheni ipi. Sijui. Siku hizi ni nyingi kuliko maharagwe, na kila moja ina mwenye tai wake. Ninachojua ni kwamba kabla hujaingia dukani, kaa kwanza na watu wa nyumba yako uwaulize wanataka kumwona nani. Kama baba yako anataka ndondi na wewe unataka mpira, semezaneni hapo nyumbani, si mbele ya muuzaji. Tazama umeme unatoka wapi na unadumu muda gani, kwa maana kioo kikubwa bila nguvu ni sanduku tu. Ile huduma ya kulipia, uliza kama mchezo unaoutaka umo ndani yake, au kama unaonyeshwa bure kwa jirani. Na ukishapewa neno la kulinda, lilinde hata wakikucheka. Kicheko cha Murage kilidumu dakika moja. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka nami.

Nimechoka sasa. Nenda, na Mungu akutangulie njiani. Akupe sikio la kusikia ulichotumwa, na moyo wa kukileta kile kile. Macho ya wazazi wako yadumu mpaka wakuone ukikimbia mbio zako, na siku hiyo nyumbani kwenu kusikose mwanga. Na iwe hivyo.